Huyu ni samaki gani? Kumtambua mgeni wa tangi la maji ya chumvi

Kuna samaki wawili wadogo, kila mmoja anaenea kiganjani, ambao mbele ni zambarau na nyuma ni njano. Ukiwatazama kwa haraka utaapa kwamba ni tumbo moja. Mmoja ni Gramma loreto wa bahari ya Karibi, mpole, apendaye kuelea chini ya ukingo wa jiwe huku tumbo limeuelekea mwamba, hata ukadhani amepinduka. Mwingine ni Pictichromis paccagnella wa magharibi mwa Pasifiki. Huyu ni mdogo kuliko mwenzake, lakini ni mkali kupita kiasi, na katika tangi dogo hawezi kuvumilia jirani. Aliyemnunua wa pili akidhani ni wa kwanza hujua kosa lake siku anapokuta mapezi ya samaki wengine yamechanika.

Ndiyo maana swali la "huyu ni samaki gani?" si la udadisi tu. Jina ndilo linalokuambia samaki atafika ukubwa gani, atakula nini, atamla nani, kama ana mwiba wenye sumu, na kama tangi lako linamfaa hata kidogo. Bila jina, unafuga kwa kubahatisha, na anayelipa gharama ya kubahatisha huko ni kiumbe asiyeweza kusema.

Wale wawili wanatenganishwa na mambo ambayo macho huyaruka. Gramma ana doa jeusi upande wa mbele wa pezi la mgongo, ana mstari mweusi unaopita jichoni, na zambarau yake huingia kwenye njano polepole, kwa vidoa vidoa. Pictichromis hana doa hilo, mapezi yake karibu yote hayana rangi, yanaonyesha upande wa pili kama kioo, na rangi zake mbili hukutana kama zimekatwa kwa kisu. Ukishaonyeshwa tofauti hizi huwezi tena kuwachanganya. Kazi ya utambuzi iko hapo: kujua utazame wapi kabla hujauliza unaona rangi gani.

Rangi ndiyo inayotupoteza

Mtu anapomweleza samaki asiyemjua huanza na rangi. Ni kawaida, kwa kuwa rangi ndiyo iliyomvutia. Lakini kwa samaki wa miamba ya matumbawe rangi ndiyo alama inayobadilika kuliko zote.

Chukua kitatange mkubwa aitwaye Pomacanthus imperator. Akiwa mchanga ni wa buluu iliyoiva mpaka kukaribia weusi, na mwilini ana duara nyeupe na za buluu, moja ndani ya nyingine, kama maji yaliyotupiwa kokoto. Akikomaa duara zote hutoweka. Mahali pake huja mistari ya njano na buluu inayokwenda kutoka kichwani hadi mkiani, na barakoa nyeusi juu ya macho. Wataalamu wa zamani waliopata wachanga na wakubwa katika nyakati tofauti waliwapa majina mawili, wakidhani ni spishi mbili. Usijilaumu basi ukishindwa kuwaunganisha.

Tatizo ni kwamba wachanga wa jamaa zake nao wana michoro myeupe juu ya buluu. Hapo lazima utazame umbo la mistari yenyewe. Kwa imperator, karibu na mkia mstari unafunga na kuwa duara kamili. Kwa Pomacanthus semicirculatus mistari imepinda kama upinde lakini haifungi, na kwa Pomacanthus annularis karibu inyooke. Huyo semicirculatus ndiye ambaye watu wengi humwita kwa jina la Kurani, kwa sababu michoro ya mkiani mwake, anapokuwa katikati ya utoto na utu uzima, hufanana na maandishi ya Kiarabu. Naye akikomaa habaki na hata upinde mmoja wa utotoni. Huwa wa kijani na kahawia, mwenye vidoa vya buluu.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Plectorhinchus chaetodonoides. Mchanga wake ni wa kahawia mwenye mabaka makubwa meupe, na anaogelea kwa kujinyonganyonga mwili mzima bila kutulia, mchezo ambao hakuna mtazamaji asiyeupenda. Sentimita tatu, nne. Mtu humchukua kwa sababu ya uchangamfu huo. Huyu akikua huvuka sentimita 70, anakuwa mweupe mwenye madoa meusi mengi, na anahitaji nafasi ambayo matangi ya nyumbani hayana. Wengi hawafiki huko. Hufa mapema kwa njaa au kwa kubanwa. Jina lake lingejulikana siku ya kwanza, asingechukuliwa.

Kisha kuna samaki wanaobadili jinsia, na rangi pamoja nayo. Pono na jamaa zao wa familia ya Labridae wengi huanza maisha wakiwa na sare moja, kisha baadhi ya majike hugeuka kuwa madume yenye rangi nyingine kabisa. Thalassoma bifasciatum wa Atlantiki huanza akiwa wa njano. Dume kamili ana kichwa cha buluu na mwili wa kijani, na katikati yake mikanda miwili myeusi. Ukiwaweka pamoja mtu asiyewajua atahesabu spishi mbili.

Ongeza na hali ya siku. Samaki aliyetoka kusafirishwa hupauka. Samaki wa usiku huvaa madoa ambayo mchana hana. Taa za buluu zinazopendwa na wafugaji wa matumbawe hula wekundu wote, na njano huigeuza kijani. Kwa hiyo rangi uitazame, ndiyo, ila isiwe ya kwanza kutoa ushahidi.

Anza na umbo, ushuke

Njia inayofaa ni ya kushuka ngazi: kwanza familia, kisha jenasi (kundi la spishi za karibu, ndilo neno la kwanza la jina la Kilatini), mwisho spishi, yaani aina yenyewe. Kufika kwenye familia ni nusu ya safari, na habari njema ni kwamba Kiswahili kinatusaidia hapo. Majina tuliyonayo, kama kangaja, puju, tasi, chewa, mkunga, bunju, kikande na pono, mengi hayamtaji samaki mmoja bali kundi lenye umbo moja. Aliyezoea kuyatumia tayari anafikiri kwa familia, pengine bila kujua.

Tazama shina la mkia, pale mwili unaposinyaa kabla ya pezi la mkia. Kukiwa na kisu kimoja kila upande kinachokunjuka na kujificha kwenye mfuo, uko kwa kangaja wa jenasi Acanthurus au ndugu zake wa karibu. Visu vikiwa ni vibamba visivyokunjika, kimoja au viwili kila upande, huyo ni puju, yaani Naso. Hakuna haja ya rangi hata moja kufika hapo.

Tazama shavu. Samaki bapa wa rangi kali mwenye mdomo mdogo anaweza kuwa wa familia ya Pomacanthidae au ya Chaetodontidae, na Kiswahili huwaita wote kitatange. Wale wa kwanza wana mwiba imara uliochomoza nyuma, kwenye pembe ya chini ya shavu. Wa pili hawana. Hiyo ni alama ya kuaminika kuliko mstari wowote wa ubavuni, na inaonekana hata kwenye picha ya wastani.

Tazama meno na midomo. Pono ana meno yaliyoungana yakawa kama mdomo wa kasuku. Wale wadogo wanaokaa chini, wakitua juu ya mawe, huwachanganya watu zaidi. Mwenye mapezi mawili ya mgongo yaliyotengana, na mapezi ya tumbo yaliyoungana kama kikombe cha kujishikizia, kwa kawaida ni wa familia ya Gobiidae. Mwenye pezi moja refu la mgongo na mapezi ya tumbo membamba kama nyuzi, yaliyotangulia mbele ya yale ya kifuani, aghalabu ni wa familia ya Blenniidae. Mlo wao mara nyingi hutofautiana sana: wengi wa kundi la pili hukwangua mwani juu ya mawe, na katika tangi jipya lisilo na mwani hudhoofika.

Ukishamaliza umbo, hesabu. Najua kuhesabu miiba ya pezi kunasikika kama kazi ya maabara, lakini picha moja kali ya samaki aliyefungua pezi la mgongo inatosha. Pezi lina sehemu mbili: miiba migumu mbele, na vijiti laini nyuma ambavyo huchanua nchani. Wataalamu huandika miiba kwa namba za Kirumi na vijiti kwa namba za kawaida. Ukikuta XI, 15 katika maelezo ya spishi ujue ni miiba 11 na vijiti 15. Sababu ya kupenda hesabu hizi ni ya kihistoria: samaki aliyehifadhiwa katika spiriti hupoteza rangi zake zote, na wataalamu waliopokea mitungi kutoka bahari za mbali hawakuwa na kitu kingine cha kushika. Miiba haipauki.

Mfano mzuri ni wale wa rangi ya chungwa wenye mikanda mitatu myeupe, wakazi wa anemoni za bahari, wale viumbe laini wenye minyiri inayochoma. Amphiprion ocellaris na Amphiprion percula hufanana mno. Watu hutazama weusi unaoizunguka mikanda, wakisema mnene ni percula na mwembamba ni ocellaris. Mara nyingi ni kweli, si siku zote. Miiba ya pezi la mgongo husema kwa sauti kubwa zaidi: ocellaris kwa kawaida ana 11, percula 10. Na siku hizi, kwa kuwa wanazalishwa kwenye matangi na kuchaguliwa kwa michoro ya ajabu, wako wasiokuwa na mikanda kabisa, weusi watupu, weupe watupu. Kwao mchoro hausemi lolote.

Tasi nao wana hesabu yao isiyopatikana kwa wengine: mapezi yao ya tumbo yana mwiba kila ncha, na lile la chini nyuma ya tumbo lina miiba saba, wakati samaki wengi wa miamba wana mitatu tu. Hesabu hii ina faida ya moja kwa moja, kwa sababu miiba ya tasi ina sumu. Siganus vulpinus, mwenye mwili wa njano na uso mweusi na mweupe uliochongoka, hudhaniwa na wageni kuwa kitatange. Anayemtia mkono akiamini hivyo atapata maumivu makali.

Waigaji

Sasa njoo kwenye sehemu ambayo mimi binafsi sichoki kuisoma. Baadhi ya samaki wameumbika kufanana na wengine, na hata samaki wenzao hudanganyika.

Labroides dimidiatus ni yule mwembamba mwenye mstari mweusi unaopanuka kuelekea mkiani. Kazi yake ni kuwasafisha wengine vimelea, na samaki wakubwa humfungulia midomo bila wasiwasi. Aspidontus taeniatus amevaa sare ileile na anaogelea kwa mtindo uleule, lakini akikaribia huweza kung'ata kipande cha pezi au ngozi. Tofauti iko kwenye kinywa. Msafishaji halisi ana kinywa kwenye ncha kabisa ya pua. Mwigaji kinywa chake kiko chini, nyuma ya pua iliyotangulia.

Bunju mdogo Canthigaster valentini, mwenye matandiko manne meusi mgongoni, ana sumu na wawindaji humwepuka. Samaki mwingine asiye na sumu, Paraluteres prionurus, amechukua matandiko yaleyale na ukubwa uleule. Usihesabu matandiko. Tazama upana wa mapezi ya nyuma: ya bunju ni mafupi, kama vipepeo viwili vidogo vilivyobandikwa, ya mwigaji yana msingi mrefu unaokimbia kuelekea mkiani. Zaidi ya hayo mwigaji ana mwiba mgongoni ambao bunju hana.

Kangaja Acanthurus pyroferus akiwa mchanga huiga vitatange wadogo wa jenasi Centropyge, mara nyingi yule wa njano, Centropyge flavissima. Hapa alama mbili tulizozisema zinakutana: kitatange ana mwiba shavuni, kangaja ana kisu kwenye shina la mkia. Na tofauti ya maisha ni kubwa. Mmoja haendi mbali zaidi ya sentimita 14; mwingine huelekea 25, huvua njano yote, na huhitaji nafasi ya kukimbia.

Anatoka bahari gani?

Kama ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu kuhusu samaki nisiyemjua, ningeuliza alivuliwa wapi. Jibu hilo peke yake hufuta mamia ya majina. Samaki wa miamba ya Atlantiki na wale wa Bahari ya Hindi na Pasifiki ni jamii mbili ambazo kwa sehemu kubwa hazichangii spishi. Wale wawili wa zambarau na njano niliotangulia kuwataja hawakutani baharini kamwe. Hukutana katika biashara tu. Percula anapatikana Papua Guinea Mpya, Visiwa vya Solomon na kaskazini-mashariki mwa Australia. Ocellaris anaenea kutoka mashariki mwa Bahari ya Hindi na kusini-mashariki mwa Asia hadi visiwa vya kusini mwa Japani.

Tatizo ni kwamba njia ya biashara hufuta nyayo. Samaki huvuliwa nchi moja, hukusanywa ya pili, huuzwa ya tatu, na anapofika kwako karatasi imebaki na neno la jumla linaloweza kumaanisha spishi ishirini. Mwombe muuzaji jina la kisayansi lililo kwenye hati ya mzigo na nchi ulikotoka. Jina hilo nalo laweza kuwa na kosa, ila linakupa mahali pa kuanzia kukagua. Majina ya biashara hayafai hata kwa hilo, kwani jina moja huuzia samaki watatu, na samaki mmoja huuzwa kwa majina matano. Majina ya Kilatini yenye maneno mawili, utaratibu ambao Carl Linnaeus aliuweka kwa wanyama wote mwaka 1758, kwa kawaida kila moja limefungwa kwenye kielelezo halisi kilichohifadhiwa kwenye makumbusho. Ubishi ukizuka, kuna samaki wa kurudi kumtazama.

Picha ya kuulizia

Watu wanaojua samaki hujibu kwa furaha wakipewa kitu cha kutazama. Wape picha ya ubavu, samaki mzima kutoka puani hadi ncha ya mkia, mapezi yakiwa wazi. Zima taa za buluu, acha nyeupe. Subiri, samaki aliyetulia hufungua mapezi mwenyewe, na mara nyingi mlo humtoa mafichoni. Usimtoe majini kwa ajili ya picha. Eleza urefu wake kwa sentimita, maana samaki wa sentimita nne na wa sentimita 20 wana orodha tofauti za majina yawezekanayo. Sema anakaa wapi kwenye tangi, anaogelea kwa mapezi gani (pono na jamaa zake hupiga kasia kwa mapezi ya kifuani, mkia ukiburutwa nyuma), na kama usiku hujifukia mchangani.

Programu za simu zinazotambua viumbe kwa picha zimekuwa nzuri, na iNaturalist hutumia hata mahali picha ilipopigwa. Lakini samaki wa kwenye tangi hana mahali, na programu hushikilia mno mchoro na rangi, udhaifu uleule tulio nao sisi. Pendekezo lake lipeleke kwenye FishBase, hazina ya data ya intaneti yenye spishi zaidi ya 35,000, uangalie hesabu ya miiba, ukubwa wa mwisho na eneo la bahari. Yote matatu yakikubali, una jina. Moja likikataa, rudi ngazi moja juu.

Jina linapokosekana

Kuna nyakati ngazi huishia kwenye jenasi, na hapo ni vyema kusimama kuliko kulazimisha. Mahali pengine spishi mbili huzaana: kuzunguka Kisiwa cha Christmas, Acanthurus leucosternon na Acanthurus nigricans hukutana na kupata watoto wenye alama za pande zote mbili. Hata kipimo cha DNA kinachotumika sana, kinachosoma kipande cha jeni iitwayo COI, humtaja mama tu kwa watoto wa namna hiyo, kwa sababu jeni hiyo hurithiwa upande wa mama.

Mahali pengine sayansi yenyewe haijafika. Jenasi Cirrhilabrus, samaki wadogo wa rangi za kung'aa wanaopendwa sana na wafugaji, ina spishi ambazo majina yao ni ya juzi. Cirrhilabrus wakanda alielezwa mwaka 2019. Cirrhilabrus finifenmaa wa Maldivi alipata jina mwaka 2022; kabla ya hapo alihesabiwa kuwa Cirrhilabrus rubrisquamis, spishi iliyoelezwa mwaka 1983 kwa samaki mchanga mmoja kutoka Chagos. Watu waliowafuga kwa miaka yote hiyo na kuwaandika kwa jina la zamani hawakufanya uzembe. Jina sahihi halikuwepo, na lilikosekana kwa sababu tunayoifahamu: mchanga mmoja hatoshi kueleza wakubwa watakuwaje.

Majike wa jenasi hiyo ni wagumu zaidi. Wengi wao ni wa waridi au wekundu wenye vistari vyembamba, na majike wa spishi kadhaa hufanana kiasi kwamba mjuzi mwangalifu huandika Cirrhilabrus sp., yaani spishi isiyojulikana ya jenasi hiyo, na kuishia hapo. Ukimpata jike kama huyo, mhudumie kwa yale yanayofahamika kwa jenasi nzima: hula vijidudu vinavyoelea, huruka nje ya maji akishtuka hivyo tangi linahitaji kifuniko, na hahimili majirani wakali. Mpige picha kila wiki chini ya taa ileile. Hao nao huanza maisha wakiwa majike, na asipokuwepo dume, jike mkubwa aghalabu hugeuka. Miezi ikipita pezi la mgongo huanza kurefuka na rangi mpya kutokea ukingoni mwake, na picha zako zikipangwa kwa mfuatano ndizo atakazoziomba mtaalamu utakayemuuliza tena.